Umri wa Mtoto Mchanga Haupimwi kwa Mizani

Mtoto azaliwapo, jamaa waliokaa nje ya wodi huuliza maswali mawili. La kwanza ni kama mtoto ni wa kike au wa kiume. La pili ni ana kilo ngapi. Majibu yake hupatikana mara moja, na kabla mama hajapewa uji wake habari imekwisha kufika kwa shangazi, kwa babu na kwa wote walio mbali. Lakini liko swali la tatu ambalo huulizwa na wachache, nalo aghalabu ndilo liamualo kama mtoto yule ataishi au atatutoka: amekaa tumboni majuma mangapi?

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya madaktari na wakunga, na kwamba ukurasa huu, uliozoea kuzungumza habari za mishahara, mazao na kazi za Chama, hauna haki ya kuingia wodini. Sisi hatukubali. Katika vita tuliyoitangaza juu ya ujinga, umaskini na maradhi, hapana uwanja ambapo maadui hao watatu hukutana pamoja kama katika kitanda cha mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya kutimiza majuma 37, yaani karibu mmoja katika kila 10. Na matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema ndiyo sababu kubwa kupita zote ya vifo vya watoto wasiofikia miaka 5. Wengi wa wafao ni watoto wa nchi maskini, na katika nchi hizo ni watoto wa wakulima na wafanyakazi.

WATOTO WAWILI, UZITO MMOJA

Hebu tuwatazame watoto wawili waliolazwa katika chumba kimoja. Wamezaliwa usiku mmoja, na mizani imewapa wote wawili gramu 1,900. Mgeni apitaye atadhani ni mapacha. Walakini wa kwanza amezaliwa katika juma la 32. Yeye si mdogo kwa hesabu ya majuma yake. Alikuwa akikua sawasawa, ila ameharakishwa. Mapafu yake bado hayajapata vya kutosha ule utelezi uzuiao vifuko vya hewa visigandamane, na kwa hiyo kila pumzi kwake ni kazi. Hajaweza bado kuunganisha kunyonya, kumeza na kupumua, kwani uwezo huo aghalabu hautimii kabla ya majuma 34. Akinyweshwa kwa pupa, maziwa yatapita njia ya hewa. Tena huweza kuacha kupumua akiwa usingizini, na asipokuwapo mtu wa kumgusa, asiamke tena.

Wa pili ametimiza majuma 39. Mapafu yake yamekomaa, analia kwa nguvu, na akilipata titi haliachi. Shida yake ni kwamba alipunjwa chakula tumboni. Pengine mama aliugua malaria katika mimba, au shinikizo la damu lilimpanda, hata kondo la nyuma likashindwa kupitisha cha kutosha. Mtoto huyu hana akiba mwilini: sukari ya damu yake huanguka upesi, baridi humwingia upesi, na dawa yake ya kwanza ni kunyonyeshwa mapema na mara kwa mara. Ukimpa mtoto wa kwanza matunzo ya wa pili, utampalia. Ukimpa wa pili matunzo ya wa kwanza, ukamzuia titi akingojea mpira wa puani, njaa itamwumiza ubongo.

Kosa la kuwaita watoto hawa kwa jina moja halikuanzia kwetu. Daktari Arvo Ylppö wa Finland, aliyefanya kazi Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, ndiye aliyependekeza mpaka wa gramu 2,500, na mwaka 1948 mkutano mkuu wa kwanza wa Shirika la Afya la Dunia ukaukubali. Kila mtoto aliyezaliwa na uzito huo au pungufu yake akaandikwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Ulikuwa mpaka mwepesi, na kila zahanati yenye mizani iliweza kuutumia. Lakini ulichanganya udogo na uchanga, mambo ambayo kila mwenye shamba ajua kuyatenganisha, kwani embe dogo lililoiva si sawa na embe kubwa bichi. Mwaka 1961 wataalamu wa Shirika hilo hilo walishauri mambo hayo mawili yasichanganywe tena. Mwaka 1963 Lula Lubchenco, daktari wa watoto katika mji wa Denver, Marekani, akachapisha chati yenye kuonyesha uzito wa watoto kwa kila juma la mimba, na mwaka 1967 yeye na mwenzake Battaglia wakaonyesha jinsi ya kumpanga mtoto kwa vipimo vyote viwili, umri na uzito.

Katika mwaka huo huo wa 1963 dunia nzima ilipata somo katika nyumba ya mkuu mmoja. Mtoto wa Rais John Kennedy wa Marekani, aliyeitwa Patrick, alizaliwa mwezi wa Agosti akiwa na majuma kama 34 na nusu. Uzito wake ulipita kidogo kilo 2, uzito ambao katika wodi nyingi usingemtisha mtu. Alikufa baada ya saa 39, mapafu yake yakiwa hayajakomaa. Mali yote ya Taifa lile haikuweza kumpa majuma yaliyopungua.

HESABU YA MAMA

Njia ya kwanza ya kuujua umri wa mtoto ni kumwuliza mama. Kanuni yake ni ya zamani, nayo huitwa kwa jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1851. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari atatazamiwa kujifungua tarehe 17 Oktoba, baada ya siku 280, ambazo ni majuma 40. Hesabu hii mtoto wa shule aiweza. Lakini yataka tarehe, na tarehe ndiyo isiyopatikana.

"Mama, hedhi yako ya mwisho uliiona lini?" huuliza muuguzi wa kusini.

"Sista, sikumbuki vizuri. Ilikuwa wakati tunaokota korosho."

Msimu wa korosho ni miezi kadhaa, na katika miezi hiyo mna tofauti yote iliyopo kati ya mtoto wa majuma 30 na mtoto wa majuma 40. Muuguzi mwenye akili hachoki hapo. Atauliza kama ilikuwa kabla ya Ramadhani au baadaye, kama shule zilikuwa zimefungwa, kama mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Na kwa njia hiyo hupunguza miezi mitatu ikawa mmoja. Lakini wako kina mama ambao hata muuguzi huyo hatawapatia jibu. Yuko aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, kabla hedhi haijarudi. Yuko aliyetoka katika sindano za uzazi wa mpango, ambazo huvuruga hedhi kwa muda. Yuko aliyeona damu kidogo mimba ikiwa imekwisha kutunga, akadhani ni hedhi, na hesabu yake ikapungua mwezi mzima. Hawa si wajinga wala si wazembe. Ni mwili tu haukutoa alama ya kuhesabia.

Hapa tungependa kutia neno moja kwa heshima ya mabibi zetu wa Pwani. Wao walihesabu kwa mwezi mwandamo, na miezi 9 ya namna hiyo ni siku 265 au 266. Madaktari nao huhesabu siku 266 tangu mimba kutunga hadi mtoto kuzaliwa. Basi bibi aliyeanza hesabu yake tangu mimba kutunga alikuwa sambamba na daktari. Ni sisi, tunaotumia kalenda ya ofisini ambayo miezi yake 9 huwa siku 273 hadi 276, na tusiosema tumeanzia kwenye hedhi au kwenye mimba yenyewe, ndio tupoteao njiani.

Mkunga hupima pia tumbo kwa utepe, toka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, na baada ya juma la 20 sentimita hizo hukaribia idadi ya majuma. Ni kipimo cha bei nafuu, chenye faida. Hata hivyo kinarudia kosa la mizani, maana mtoto aliyedumaa hufanya tumbo liwe dogo, na mapacha hulikuza.

Kipimo kipitacho vyote ni kile cha mawimbi ya sauti, altrasaundi, ambacho Ian Donald na wenzake wa Glasgow walikitangaza mwaka 1958. Katika miezi mitatu ya kwanza watoto wote hukua karibu kwa mwendo mmoja, awe wa tajiri au wa maskini, kwa hiyo urefu wa mtoto tumboni hutaja umri wake kwa kukosea siku chache tu. Shirika la Afya la Dunia lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate kipimo hicho mara moja kabla ya majuma 24. Lakini akikipata katika mwezi wa nane, kwa kuwa watoto wamekwisha kuachana katika ukuaji, kosa laweza kufika majuma matatu. Mama aendaye kliniki akiwa amechelewa hukuta mlango huu umekwisha fungwa nusu. Nasi tusimlaumu yeye peke yake. Kama kliniki iko mwendo wa nusu siku, na kama akikosa siku moja ya kibarua hukosa ujira wake, hesabu aifanyayo ni ya chakula cha jioni.

MWILI WENYEWE HUSEMA

Basi mtoto amekwisha zaliwa, tarehe haijulikani, wala altrasaundi haikufanyika. Je, tumekwama? La hasha. Mtoto amekuja na cheti chake kimeandikwa mwilini, na mwenye kufunzwa aweza kukisoma kwa macho na mikono mitupu.

Madaktari wa Ufaransa ndio waliotangulia kuchunguza jinsi viungo vya mtoto njiti vinavyobadilika juma kwa juma, na mnamo mwaka 1966 wengine wa Kanada na Uingereza wakaandika alama za ngozi, masikio na nyayo. Lakini waliokusanya mambo hayo yote yakawa kipimo kimoja ni Victor Dubowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, mkewe Lilly, mzaliwa wa Hungaria, na mwenzao Cissie Goldberg. Wakiwa katika mji wa Sheffield, Uingereza, waliwapima watoto 167, na mwaka 1970 wakachapisha kipimo chenye alama 11 za nje na 10 za mishipa ya fahamu na misuli. Kilikuwa kizuri, ila kirefu. Muuguzi mmoja mwenye watoto wengi usiku kucha hana nafasi ya kutazama mambo 21 kwa kila mmoja. Kwa hiyo mwaka 1979 Jeanne Ballard wa Cincinnati, Marekani, alikipunguza kikawa na alama 6 za nje na 6 za misuli, na mwaka 1991 akakirekebisha ili kiwafae hata watoto waliozaliwa mapema mno. Hicho ndicho kitumikacho zaidi katika wodi nyingi.

Tuingie basi katika kazi yenyewe. Muuguzi hunawa mikono, huupasha joto, na humtazama mtoto akiwa ametulia. Mtoto njiti hulala kama nguo iliyotupwa: mikono na miguu imenyooka, imelegea. Aliyetimiza siku zake hujikunja, magoti juu na ngumi kifuani, kama bado yumo katika nyumba ile finyu aliyotoka. Kisha huukunja taratibu mkono wa mtoto kwenye kiwiko, akaunyoosha, akauachia. Wa majuma mengi huurudisha mara moja kwa nguvu. Wa majuma machache huuacha ulale. Huushika mkono akauvuta kupita kifuani kuelekea bega la pili, kama mwanamke avutavyo mtandio. Kwa mtoto njiti kiwiko hupita kifua chote bila kizuizi. Kwa aliyekomaa hakifiki hata katikati. Kiganja hukunjwa kuelekea mkono wenyewe, naye aliyetimiza hukikunja hadi kikalala bapa, hali wa mapema hukwama njiani. Hii ni alama ya ajabu, kwa kuwa hapa aliyekomaa ndiye aliye laini. Mguu nao hunyooshwa kwenye goti, na kisigino huelekezwa sikioni, pasipo kutumia nguvu.

Halafu huja alama za nje. Ngozi ya mtoto wa mapema sana ni nyembamba, yanata, na mishipa ya damu yaonekana chini yake. Ya aliyetimiza ni nene, na ya aliyepitiliza hupasuka kama ardhi ya kiangazi. Mgongoni hutazamwa malaika, zile nywele laini ambazo mtoto wa mapema mno hana bado, wa kati anazo tele, na aliyekomaa zimekwisha mpukutika. Sikio hukunjwa kwa kidole: kama gegedu haijawa, hubaki limekunjwa kama jani bichi; kama imekuwa, huruka likarudi. Titi hushikwa kwa vidole viwili kutafuta tezi, ambalo kwa mtoto njiti halipo na kwa aliyetimiza lafika milimita 5 hadi 10. Kwa mtoto wa kiume hutazamwa kama korodani zimeshuka katika mfuko wake, na kwa wa kike kama midomo mikubwa ya uke imefunika ile midogo.

Lakini sisi hupendezwa zaidi na wayo. Mtoto wa mapema ana wayo laini kama kioo. Kisha hutokea mistari hafifu, halafu mkunjo mmoja wa mbele, halafu mikunjo hufika theluthi mbili za wayo, na mwishowe hujaa hadi kisiginoni. Mtu hazaliwi na ramani iliyo wazi kupita hiyo. Ila yapasa isomwe mapema, kwani siku zikipita wayo hukauka na kujikunja hata kwa mtoto njiti, na mwenye kusoma atadanganyika. Ndiyo sababu kipimo chote hufanywa ndani ya siku 4 za kwanza, na kwa wale wa mapema mno ndani ya saa 12.

Kila alama hupewa nambari, nambari hujumlishwa, na jumla hugeuzwa kuwa majuma. Mwenye jumla ya 40 ana majuma 40; mwenye 30 ana majuma 36; mwenye 10 ana majuma 28. Kila nambari 5 ni majuma 2. Kazi yote, kwa aliyezoea, haichukui muda wa kunywa kikombe cha chai.

Wayo huo huo umetumika kwetu kwa njia nyingine nyepesi zaidi. Huko Lindi na Mtwara, ambako watoto wengi walikuwa wakizaliwa nyumbani mbali na mizani, watafiti walipima urefu wa nyayo za watoto wachanga, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Katika mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, kina mama wa kujitolea vijijini walipewa picha ya wayo. Waliulinganisha wayo wa mtoto na picha, na aliye mdogo kuliko kawaida alishauriwa kupelekwa kituoni au kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Haukutaja majuma, wala haukumtenganisha mtoto wa majuma 32 na yule aliyedumaa. Lakini ulimtoa mtoto gizani.

VIPIMO VYA WENGINE

Yatupasa kusema wazi kwamba vipimo hivi vingi vilitengenezwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Katika kipimo kimoja kifupi cha Uingereza cha mwaka 1976, miongoni mwa alama 4 zitazamwazo ni rangi ya ngozi, toka nyekundu iliyoiva hadi iliyopauka. Muuguzi wa Kiafrika afanyeje na alama hiyo? Aidha, mwaka 1957 Marcelle Geber na R. F. A. Dean, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, waliandika kwamba watoto wachanga wa Kiafrika waliowapima walikuwa na viungo vyenye nguvu kuliko wa Ulaya. Wengine waliupinga uchunguzi huo, na mjadala ulidumu miaka mingi. Lakini swali lake lina uzito kwetu: kama misuli ya mtoto wetu yamtangulia umri, basi kipimo kitamwongezea majuma ambayo hakuyaishi. Waafrika hawakukaa kimya. Huko Nigeria, Eregie alitengeneza kipimo kifupi ambacho huongeza mzingo wa kichwa na wa mkono, vitu vipimwavyo kwa utepe na visivyotegemea rangi.

Tena kipimo cha Ballard si msahafu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba chaweza kukosea karibu majuma 4 mbele au nyuma, na kwamba huelekea kumzidishia umri mtoto njiti na kumpunguzia yule aliyedumaa. Msomaji ataona uchungu wa jambo hilo, kwani hao wawili ndio hasa tuliotaka kuwatenganisha. Hata hivyo mwenye taa yenye moshi ana nafuu kuliko asiye na taa. Muuguzi akiwa na tarehe ya mama, na kipimo cha tumbo kwenye kadi ya kliniki, na alama za mwili, na vyote vitatu vikielekea upande mmoja, aweza kuamini. Vikipingana, amtunze mtoto kama aliye mchanga zaidi, amchunge pumzi zake huku akipima na sukari.

SINDANO ILIYOKUWA NA MAKALI MAWILI

Kama yuko bado adhaniaye kwamba majuma ni hesabu ya vitabuni, na asikilize habari hii. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa Auckland, New Zealand, walionyesha kwamba mama aliyekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa dawa fulani ya steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi na vifo hupungua. Dawa ni rahisi, na kwa hiyo ilitazamiwa kuwa mkombozi wa nchi maskini. Jaribio kubwa likafanywa katika nchi 6, zikiwamo Kenya na Zambia, likihusu vizazi vipatavyo 100,000. Matokeo yalipotoka mwaka 2015, watu waliinamisha vichwa: vifo vya watoto wachanga kwa jumla havikupungua, bali viliongezeka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wengi wa kina mama waliodungwa hawakuzaa watoto njiti. Umri ulikisiwa, na dawa ikawafikia wasioihitaji.

Kisha likafanywa jaribio jingine katika hospitali za nchi 5, zikiwamo Kenya na Nigeria, na safari hii kila mama alithibitishwa majuma yake kwa altrasaundi. Likatangazwa mwaka 2020: vifo vya watoto vilipungua, hata jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti moja kubwa ilikuwa kwamba safari hii majuma yalijulikana.

NAMBARI NA HAKI YA MFANYAKAZI

Jambo hili sasa limeingia hata katika sheria za kazi. Kwa sheria ya mwaka 2004 mfanyakazi wa Tanzania Bara ana haki ya siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Siku hizo zilikuwa sawa kwa mama aliyerudi nyumbani na mtoto mnene na kwa yule aliyekaa wodini majuma 8 akimbeba njiti wake kifuani. Huyu wa pili alirudi kazini mtoto akiwa bado hajafikia hali ya kuachwa. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa, na mama aliyejifungua kabla ya wakati akaongezewa muda juu ya likizo ya kawaida. Ni ushindi wa wafanyakazi, na tunaupongeza.

Lakini haki hiyo yasimama juu ya nambari moja, na nambari hiyo lazima iwe imeandikwa. Mama atakayefika kwa mwajiri na karatasi isemayo tu "mtoto gramu 1,900" atakuwa ameleta uzito mahali panapotakiwa majuma. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, hasa viwandani na mashambani penye kina mama wengi, wawafundishe wanachama wao kudai kwamba karatasi ya kutoka hospitali itaje umri wa mimba siku ya kuzaliwa na njia iliyotumika kuujua. Nao wahusika wa afya wasiuone uandishi huo kuwa kazi ya ziada. Kama wodi haina chati ya kipimo ukutani, ibandikwe. Ni karatasi moja. Kama muuguzi mpya hajafundishwa, mwenzake mkongwe amwonyeshe kwa watoto watatu au wanne, na atakuwa amejua.

Yule mama wa mtoto wetu wa pili, aliyezaa katika majuma 39 mtoto mwenye gramu 1,900, hajifungui kabla ya wakati, na nyongeza hiyo haimhusu ijapokuwa naye ana mtoto dhaifu. Mkulima naye hana likizo yoyote ya kuongezewa. Hayo wabunge wetu wayatazame. Wakati huo huo, mjumbe wa nyumba kumi asikiapo kwamba binti wa jirani amekosa hedhi yake, mkewe na amwendee mapema, mwezi haujaandama mara ya pili, amwambie aandike tarehe nyuma ya kalenda au kwenye daftari la mtoto wa shule, kisha aende nayo kliniki.